Saa 72 za mama wa Makambako: Nani analipa nauli?

MAKAMBAKO ni mji usiolala. Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma hupita usiku kucha, reli ya Tazara ina stesheni yake hapo, na stendi haikosi mama lishe na vijana wa bodaboda. Barabara ya kwenda Njombe na Songea nayo inachepukia hapohapo. Kwa msafiri ni mahali pa kunywa chai na kuendelea na safari. Kwa mwanamke aliyetoka nyumbani kwake saa sita usiku baada ya kupigwa, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kamshika mkono, ni mji wenye njia nyingi na hajui aingie ipi.

Mchukulie mama huyo kuwa anaishi Lyamkena. Si mtu fulani, ni mfano tu, lakini ni vigumu kumpata msomaji wa mkoa wa Njombe asiyemfahamu mtu wa namna yake: jirani, dada, binti au mama yake mwenyewe. Hana simu kwa sababu imevunjwa. Hana pochi kwa sababu fedha ya viazi iliyouzwa juzi iko mfukoni mwa mume. Amevaa kanga mbili, na baridi ya Juni katika nyanda hizi haina huruma.

Huduma anazozihitaji karibu zote zipo, angalau kwa majina. Kuna dawati la jinsia na watoto polisi. Kuna hospitali ya mji. Kuna ofisa ustawi wa jamii katika halmashauri. Kuna mahakama. Lakini fedha ya kumtoa mlango mmoja hadi mwingine haijulikani iko kwenye fungu la nani. Hapo ndipo wanawake wengi hukata tamaa, wakageuza njia na kurudi walikotoka.

Kwa nini saa 72

Ukatili wa majumbani si makofi na mateke peke yake. Mara nyingi huambatana na kulazimishwa tendo la ndoa, na hapo ndipo hesabu ya saa inapoanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya mtu kuingia hatarini zinatakiwa kuanza kumezwa mapema iwezekanavyo na zisizidi saa 72, kisha ziendelee kwa siku 28. Ukivuka saa hizo, mlango huo umefungwa.

Kwa mkoa wa Njombe jambo hilo lina uzito kuliko mahali pengine popote nchini. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya Ukimwi wa 2011/12 ulionyesha kiwango cha maambukizi mkoani humo kuwa asilimia 14.8. Utafiti wa 2016/17 ulionyesha asilimia 11.4, na ule wa 2022/23 ukaonyesha asilimia 12.7, wakati wastani wa taifa kwa watu wazima ulikuwa asilimia 4.4. Kwa hiyo, mama wa Lyamkena akishindwa kufika hospitali kwa kukosa nauli ya bodaboda, anachokipoteza kinaweza kuwa afya ya maisha yake yote.

Takwimu za ukatili nazo hazijawa ndogo. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulibaini kuwa wanawake 40 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Utafiti wa 2022 ulionyesha kuwa idadi hiyo imeshuka hadi 27. Ni hatua ya kushukuru, lakini bado ni zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanne wanaokaa benchi moja kanisani au wanaopanga foleni moja kisimani.

Mama mmoja, mifuko minne

Serikali haikukaa kimya juu ya jambo hili. Desemba 2016 ilizindua Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, unaojulikana kwa kifupi kama MTAKUWWA, kwa kipindi cha 2017/18 hadi 2021/22. Mpango huo uliunganisha mipango minane iliyokuwa ikienda kila mmoja kivyake, na ukaweka maeneo manane ya kazi, moja likiwa huduma kwa waathirika. Awamu ya pili imepangwa kwa kipindi cha 2024/25 hadi 2028/29. Kupitia mpango huo ziliundwa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, kata, halmashauri na mkoa hadi taifa.

Ugumu unaanza mtu anapouliza fedha inatoka wapi. Askari wa dawati la jinsia analipwa na Jeshi la Polisi, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Daktari na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri wako chini ya Tamisemi. Sera na uratibu wa mpango wenyewe uko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyoundwa Januari 2022. Kesi ikifika mbele, inaingia kwenye bajeti ya Mahakama na ya waendesha mashtaka.

Ni mifuko minne kwa mama mmoja, na kila mfuko una kazi yake: mshahara, jengo, shajala, mafuta ya gari kama yapo. Polisi wanampa fomu namba tatu, maarufu kama PF3, ambayo hutolewa bure. Hospitali inamsubiri na fomu yake. Ofisi ya ustawi wa jamii ndiyo inayoweza kumwombea msamaha wa gharama asipokuwa na uwezo wa kulipia picha ya mfupa au kushonwa jeraha. Lakini kutoka kituoni hadi hospitali, kutoka hospitali hadi ofisi ya ustawi, na kutoka ofisini hadi mahali pa kulala, mfuko unaotumika ni wake yeye, na huo hauna kitu.

Askari mwenye huruma hutoa elfu mbili yake mfukoni. Muuguzi hununua chai na maandazi. Mwenyekiti wa mtaa hupiga simu kwa kijana wa bodaboda na kumwambia "mpeleke, tutaongea kesho". Huo ni utu, na wapo wanawake waliookoka kwa utu huo. Lakini huduma inayotegemea nani yuko zamu usiku huo na kama mshahara umeingia haiwezi kuitwa mpango wa taifa.

Usiku wa kwanza

Baada ya fomu na dawa, mama anaulizwa swali jepesi kwa anayeuliza na zito kwa anayejibu: "Una mahali pa kwenda?"

Serikali ina mwongozo wa taifa wa uanzishaji na usimamizi wa nyumba salama, yaani mahali ambapo manusura wa ukatili hupewa malazi, chakula na ushauri wakati shauri lake likishughulikiwa. Nyumba zenyewe lakini kwa sehemu kubwa huendeshwa na asasi za kiraia na taasisi za dini. Zinazosikika zaidi ziko mkoani Mara, kama ile ya Masanga wilayani Tarime na zile za Mugumu na Butiama, ambazo hupokea hasa wasichana wanaokimbia ukeketaji na ndoa za utotoni. Ziliinuliwa na watu binafsi, masista na wafadhili kabla fungu la serikali halijafikiriwa.

Kutoka Makambako hadi Tarime ni upande mwingine kabisa wa nchi. Mama wa Lyamkena hahitaji nyumba ya mbali namna hiyo wala jengo la ghorofa. Anahitaji chumba chenye kitasa, blanketi nzito, uji wa watoto asubuhi, na uhakika kuwa anayemtafuta hatagonga mlango. Pasipokuwapo chumba hicho, hulala kwenye benchi la kituo, kwa shangazi aliye mitaa miwili tu kutoka kwa mume, au hurudi nyumbani.

Nchi jirani zimejaribu kupunguza mzigo huo kwa njia ya sheria. Uganda ilitunga sheria ya ukatili wa majumbani mwaka 2010, na Kenya mwaka 2015. Chini ya sheria ya Kenya, mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi na hata kumzuia mtesaji asikae katika nyumba ya familia. Tanzania haina sheria moja mahsusi ya namna hiyo. Mashauri hupitia Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kifungu chake cha 66 kinasema wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Tofauti hiyo ina bei yake: mtesaji asipotolewa nyumbani, anayetoka ni mama na watoto, na mtu lazima alipie mahali watakapolala.

Kilomita 60 za kutafuta haki

Makambako ina mahakama ya mwanzo. Mashauri mazito, kama ya ubakaji, hayasikilizwi huko. Huenda mahakama ya wilaya, iliyoko Njombe mjini, umbali wa kilomita zipatazo 60.

Kwa mwenye gari ni mwendo wa saa moja kupita mashamba na misitu ya mbao. Kwa mama anayeuza nyanya sokoni, siku ya kesi ni nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mchana, siku nzima bila biashara, na mtu wa kumwachia watoto. Kesi ikiahirishwa, gharama hiyo inarudi upya. Ikiahirishwa mara tatu, mtaji wa nyanya umekwisha. Kesi ikifutwa kwa sababu mlalamikaji hakufika, watu husema "amemsamehe mumewe". Mara nyingine hakusamehe chochote, ameishiwa nauli.

Hapo ndipo hasara ya serikali yenyewe inapoonekana. Imelipa mshahara wa askari aliyepeleleza, daktari aliyejaza fomu, mwendesha mashtaka aliyeandaa hati na hakimu aliyepanga tarehe. Kazi yote hiyo inaanguka kwa kukosa fedha ndogo kuliko zote zilizotumika.

Mfadhili akiondoka

Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa na fedha kutoka nje, hasa za Marekani kupitia mpango wake wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR. Njombe, kwa sababu ya kiwango chake cha maambukizi, ni miongoni mwa mikoa iliyoguswa sana na miradi hiyo. Huduma kwa waathirika wa ukatili ziliingizwa humo, kwa kuwa kipigo na maambukizi hutembea pamoja: mwanamke anayeogopa kupigwa hathubutu kumwambia mume wapime pamoja, na hata dawa zake huzimeza kwa kujificha.

Januari 20, 2025 Rais wa Marekani, Donald Trump, alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Katika nchi zilizotegemea fedha hizo, wahudumu wa miradi walijikuta wakisubiri nyumbani. Mwenye nyumba ya kupanga anajua maana yake: siku mwenye nyumba akikuambia uhame, ndipo unapogundua kuwa hata msumari ukutani si wako.

Funzo kwa halmashauri ni kwamba huduma ya dharura haiwezi kuning'inizwa kwenye mradi wenye tarehe ya mwisho. Mradi unaweza kujenga, kufundisha na kuanzisha. Nauli ya leo usiku lazima itoke ndani.

Fedha ya ndani ipo?

Njombe si mkoa wa njaa. Viazi vyake huliwa Dar es Salaam, mbao zake huezeka nyumba mikoa mingi, chai yake ina historia, na parachichi zake sasa husafirishwa hadi ng'ambo. Mazao hayo hulipiwa ushuru, na ushuru huo ni sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato hayo kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa Aprili 2023 baada ya kubainika kasoro katika utoaji na urejeshaji, kisha ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ni msaada mkubwa kwa mwanamke mwenye kikundi na biashara. Na ni kweli kuwa mwanamke mwenye kipato chake hutoka kwenye nyumba ya mateso kwa urahisi zaidi kuliko anayesubiri kupewa hela ya chumvi.

Lakini mkopo si huduma ya dharura. Aliyefukuzwa usiku hana kikundi kilichosajiliwa wala andiko la mradi. Anachohitaji ni fungu dogo lililo wazi, lenye ofisa anayelisimamia na daftari linalokaguliwa.

Piga hesabu ya mfano. Halmashauri ikikadiria wanawake 100 kwa mwaka, na kila mmoja akatengewa Sh50,000 za usafiri na chakula cha siku za mwanzo, jumla ni Sh5 milioni. Ni fedha inayokaribia bei ya pikipiki mbili mpya. Hakuna halmashauri yenye ushuru wa mbao na viazi inayoweza kusema kwa uso mkavu kuwa kiasi hicho kinavunja bajeti. Kinachokosekana si uwezo tu. Ni mtu wa kulitaja fungu hilo wakati bajeti inapangwa.

Bajeti inapopikwa

Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ulioanzishwa mwaka 1993, umekuwa ukidai kwa miaka mingi kile unachokiita bajeti yenye mrengo wa kijinsia. Maana yake kwa lugha ya nyumbani ni rahisi: kabla ya kugawa nyama, jiulize nani hajafikiwa na sahani.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi, lakini chakula hicho hupikwa miezi mingi kabla. Vipaumbele huanzia mikutano ya vijiji na mitaa, hupanda hadi kamati ya maendeleo ya kata, kisha huingia kwenye baraza la madiwani ambalo hupitisha makisio mwanzoni mwa mwaka. Baadaye hupita ngazi ya mkoa na kwenda bungeni kati ya Aprili na Juni. Anayelalamika Julai amekuta sufuria limeshaoshwa.

Katika mikutano ya mtaa, mara nyingi watu hutaja barabara, maji, zahanati na madawati ya shule. Yote ni mambo ya haki. Ni nadra kumsikia mtu akisimama kusema "tunataka kamati yetu ya ulinzi wa wanawake na watoto iwe na fungu la nauli". Husemwa kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mwenye maumivu anaona aibu kuyataja mbele ya watu, na asiye nayo hayajui. Ndiyo maana diwani huweza kumaliza miaka mitano bila kuulizwa swali hilo hata mara moja.

Swali lenyewe halihitaji elimu ya uhasibu. Je, katika makisio ya mwaka huu, kamati ya ulinzi ya kata imetengewa kiasi gani? Kimetolewa kiasi gani? Nani anakishika usiku na siku za sikukuu? Kutengwa na kutolewa ni vitu viwili, na mwananchi ana haki ya kuviuliza vyote.

Familia nayo ina bajeti yake

Serikali ikilipa kila kitu, bado kuna mlango mmoja ambao haina ufunguo wake: wa nyumbani kwa wazazi. Binti anarudi na jicho limevimba, na jambo la kwanza analosikia ni "vumilia, ndoa ndivyo zilivyo" au "mahari tulishakula". Wazee hukaa, mume hutozwa faini ya mbuzi au debe la ulanzi, watu wanakunywa, na binti anarudishwa njia ileile. Mbuzi huyo aliliwa na waamuzi. Jicho limebaki la binti.

Usuluhishi wa ndoa una nafasi yake, na Sheria ya Ndoa yenyewe inautambua kupitia mabaraza ya usuluhishi. Lakini kumjeruhi mtu ni jinai, na jinai haimalizwi kwa mbuzi. Familia inayotaka kusaidia inaweza kuanza na chumba, blanketi na nauli, halafu maneno yafuate watu wakishalala salama.

Ya kukumbuka ikikufika wewe au jirani

Nenda hospitali au kituo cha afya mapema iwezekanavyo, na usivuke saa 72. Kama kuna ukatili wa kingono, usioge wala kufua nguo ulizovaa kabla ya kuonwa na daktari. Zifunge kwenye karatasi au kitambaa uende nazo.

Ripoti polisi, uliza dawati la jinsia na watoto, na upewe PF3. Fomu hiyo hailipiwi.

Mwone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri au mtendaji wa kata ukikwama gharama au mahali pa kulala. Mwambie wazi kuwa huna uwezo, si aibu.

Kwa mtoto aliye hatarini, piga 116 bila malipo. Kwa dharura ya polisi, piga 112.

Hifadhi mahali pa siri, kwa mtu unayemwamini, nakala za vyeti vya watoto, kadi ya kliniki na fedha kidogo ya nauli. Hiyo akiba ya nauli ndiyo bajeti ya kwanza kabisa ya kujiokoa, na kwa sasa wanawake wengi wa Njombe na Makambako wanaitunza wenyewe, shilingi kwa shilingi, kwenye pindo la kanga. Halmashauri ikiweka ya kwake juu ya hiyo, mama wa Lyamkena hatalazimika kuhesabu sarafu gizani kabla ya kuamua kama atatoka.